Gari la Sinema na Watazamaji Wake

Kati ya 1935 na 1937, Vugiri, milimani Usambara juu ya Korogwe, palikuwa na karakana ya filamu. Baraza la kimataifa la wamisionari liliusimamia mradi, fedha zikatoka shirika la Carnegie la Marekani, na kazi ikaongozwa na Waingereza wawili, Latham na Notcutt. Walitengeneza filamu 35 za milimita 16. Picha zilikuwa bubu. Sauti ilitoka kwenye santuri, hivyo filamu moja iliweza kusemeshwa lugha mbalimbali. Gari lilizibeba hadi Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Mada zilikuwa za kufundisha: safura, kilimo cha Kingolwira karibu na Morogoro, akiba ya posta. Katika filamu ya akiba, kibarua mmoja anaweka mshahara wake posta na mwenzake anaufukia chini, mwizi akaja kuuchukua. Wapo waigizaji Waafrika, ipo mandhari ya nyumbani, ila anayejua jibu kabla swali halijaulizwa daima ni serikali.

Mwaka 1939 Uingereza iliunda idara ya filamu za makoloni chini ya William Sellers, aliyewahi kufanya kazi ya afya Nigeria. Sellers alishikilia kuwa Mwafrika hawezi kufuata picha inayokatwa haraka: kamera itulie, mambo yaende polepole, pasiwe na ujanja wa kupiga picha. Wakoloni walipenda kusimulia kisa cha wanakijiji walioonyeshwa mbu mkubwa kujaza pazia zima, wakasema kwao hakuna mbu wa namna hiyo, basi hawana la kuhofia. Kisa hicho kilitolewa kama ushahidi wa ujinga. Mimi nasikia ndani yake watu wanaomtania mgeni, au wanaokataa kutishwa, na inaniuma kwamba hakuna aliyeona haja ya kuwauliza walimaanisha nini.

Maana mjini hoja ya Sellers ilikuwa ikikanushwa kila jioni. Miaka ya hamsini, watu wa Unguja na Dar es Salaam walilipa kuiona Awaara ya Raj Kapoor, filamu ya Kihindi yenye ndoto, nyimbo na mahakama ndani yake. Wengi wao hawakujua Kihindi. Walifuata nyuso, walimwonea huruma mtoto aliyekataliwa na baba yake, na wakatoka wakibishana kuhusu baba na mwana, jambo linalomgusa kila mzazi wa pwani.

Kwenye maonyesho ya gari, mbali na santuri, msimulizi alisimama na kipaza sauti kueleza kinachoonekana. Kazi hiyo haikufa. Iliibuka tena katika vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video za mtaani, pale msimulizi wa video Lufufu alipotafsiri filamu za ng'ambo kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, akiongeza methali, utani na mambo ya mtaani. Lakini msimulizi wa gari alitumwa na ofisi. Lufufu aliitwa na waliokaa kwenye benchi, wakalipa kiingilio, na kanda isiyo na sauti yake wakaiacha rafuni.