Mwaka Mmoja wa Kuomba Mkate kwa Kiairishi

Karibu kila mtu mzima aliyesomea Ayalandi anaijua sentensi hii: An bhfuil cead agam dul go dtí an leithreas? Maana yake ni "Naomba ruhusa niende chooni." Nilipokuwa masomoni Dublin nilizoea kuwaomba wenzangu waniambie lolote kwa Kiairishi, na mara nyingi kilichotoka kilikuwa hicho, kikifuatiwa na kicheko, kisha ukimya. Walikuwa wameisoma lugha hiyo tangu wakiwa watoto wa miaka minne au mitano hadi walipomaliza sekondari. Miaka 13 au 14 darasani, na kilichosalia ni ruhusa ya kwenda chooni.

Nami nilicheka mwanzoni. Baadaye nikaanza kujiuliza kwa nini ni sentensi hiyo na si nyingine. Jibu si gumu: ndiyo pekee waliyoihitaji. Mashairi, insha na kanuni za sarufi vilikuwa vya mtihani, na mtihani ukipita navyo hupita. Lakini mtoto aliyebanwa na haja, mbele ya mwalimu asiyekubali kuombwa kwa Kiingereza, hujifunza haraka, na alichojifunza hakimtoki.

Kuna shule iliyojengwa juu ya wazo hilohilo, ila huko kila kitu kinaombwa kwa Kiairishi: mkate, mpira, blanketi, ruhusa ya kumpigia mama simu. Inaitwa Coláiste na Rinne. Iko An Rinn, kijiji cha pwani ya kusini karibu na mji wa Dungarvan, katika kaunti ya Waterford. Jina la kijiji maana yake ni rasi. Watoto hutoka pande mbalimbali za nchi, wengi katika nyumba zinazozungumza Kiingereza tu, wakaishi bwenini mwaka mzima wa masomo. Ni wa madarasa ya mwisho ya shule ya msingi na mwaka wa kwanza wa sekondari, yaani wale wanaokaribia ujana na wale wanaoingia. Ili kuelewa kwa nini mzazi ampeleke mtoto wake mbali na nyumbani akajifunze lugha ya nchi yake mwenyewe, inabidi kurudi nyuma karibu miaka 200.

Mwaka 1831 serikali ya Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Ayalandi, ilianzisha mfumo wa shule za msingi nchini humo. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza, hata katika vijiji ambako mtoto hakuwahi kusikia nyumbani neno lake moja. Katika miaka hiyo ndipo habari za bata scóir, kijiti cha hesabu, zinaposikika sana. Mtoto alifungiwa kijiti shingoni kwa kamba. Kila aliposema neno la Kiairishi, kijiti kilichanjwa alama, na alama zikifika idadi fulani alichapwa.

Daktari William Wilde, baba wa mwandishi Oscar Wilde, alieleza katika kitabu chake cha 1852 jambo aliloliona magharibi mwa nchi. Mvulana wa miaka kama minane alimwambia dada yake maneno machache kwa Kiairishi, kisha macho yake yakakutana na ya baba yake, akanywea. Baba hakusema kitu. Alimwita, akatoa kijiti kilichofichwa ndani ya nguo ya mtoto, akakichanja alama kwa kisu. Adhabu yenyewe ingetoka kwa mwalimu, lakini mkono ulioshika kisu ulikuwa wa baba, nyumbani kwake.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na ukoloni, alisimulia jinsi kifungo kilivyopitishwa shuleni kutoka mkono hadi mkono, kila aliyenaswa akizungumza lugha ya mama akimpa atakayefuata, hadi jioni mlolongo mzima ukajulikana na wote wakaadhibiwa. Mimi nilisoma shule ya bweni Tanzania, miongo kadhaa baada ya uhuru, na kibao tulikivaa kwa kosa la kusema Kiswahili. Nakumbuka hasa jinsi kilivyotufanya tuwindane: aliyekivaa alinyata nyuma ya wenzake, akisubiri mmoja ateleze ili amvishe yeye.

Hata hivyo, kijiti pekee hakiwezi kuua lugha. Kuanzia mwaka 1845 ugonjwa uliangamiza viazi, chakula kikuu cha maskini wa Ayalandi. Katika miaka iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi. Mwaka 1841 nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni nane. Mwaka 1851 walibaki kama milioni sita na nusu. Njaa iliwapiga zaidi maskini wa magharibi na kusini, na hao ndio waliozungumza Kiairishi. Aliyenusurika alijua kwamba huenda mtoto wake naye atapanda meli siku moja, na kule Liverpool, Boston au New York hakuna atakayempa kazi kwa Kiairishi. Yule baba wa kijiti hakuichukia lugha yake. Alikuwa anamfungia mwanawe mizigo ya safari.

Kufikia mwisho wa karne ya 19 lugha ilikuwa imesukumwa hadi ukingoni mwa bahari. Mwaka 1893 Douglas Hyde, Eoin MacNeill na wenzao walianzisha Conradh na Gaeilge, chama cha kuirudisha. Hyde alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti. Baadaye, mwaka 1938, akawa rais wa kwanza wa nchi. Chama kilitaka Kiairishi kifundishwe shuleni, kikagundua mara moja kwamba walimu wengi hawakijui. Hivyo vyuo vya kwanza vya Kiairishi havikuwa vya watoto bali vya walimu. Cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1904 Béal Átha an Ghaorthaidh, kaunti ya Cork. An Rinn ulifuata mwaka 1905. Walimu walikwenda huko likizo ya kiangazi, wakaketi na wavuvi na wakulima wasiosoma, na kwa wiki chache mwenye shahada akawa mwanafunzi wa mwenye jembe.

Baada ya walimu wa kiangazi, chuo cha An Rinn kikaanza kupokea watoto wa kulala. Kwa miongo mingi kiliongozwa na Séamus Ó hEocha, aliyejulikana kote kama An Fear Mór, yaani Jitu Kubwa. Watoto hawakupelekwa huko kusomeshwa Kiairishi kama somo kati ya masomo. Walipelekwa kuishi ndani yake.

Kuishi ndani ya lugha hii kuna mambo yake. Kiairishi hakina neno la "ndiyo" wala la "hapana". Ukiulizwa An dtuigeann tú?, "Unaelewa?", unajibu Tuigim, "Naelewa", au Ní thuigim, "Sielewi". Mtoto wa Kiingereza aliyezoea kuitikia kila kitu kwa neno moja bila kusikiliza anajikuta amekwama. Lazima akishike kitenzi cha swali ndipo aweze kujibu. Kwetu hilo si geni, anayeulizwa "Hujambo?" hajibu "ndiyo", hujibu "Sijambo". Maamkizi yao nayo yana heshima ya kuongezea. Anayeanza husema Dia duit, Mungu awe nawe, na anayejibu humtaja Mungu na kumwongeza Maria. Tena maneno hubadilika kichwani: bád ni mashua, mashua yangu ni mo bhád, na b ile husikika kama v. Mwanafunzi anayetafuta neno kwenye kamusi hupotea kama mgeni wa Kiswahili anayetafuta "watu" kwenye W. Kanuni za namna hii ubaoni huchukua muhula mzima na kusahaulika. Mezani, mtoto akiona chumvi iko mbali na mwenzake ndiye aliye karibu nayo, huzipata bila kujua kwamba amezipata.

Serikali ya Ayalandi huru iliona nguvu ya bweni, ikataka kuitumia kwa nchi nzima. Kuanzia mwaka 1926 ilifungua shule za sekondari za bweni zilizoitwa vyuo vya maandalizi. Zilichukua vijana wa miaka 13 au 14 na kuwasomesha kwa Kiairishi ili baadaye waende vyuo vya ualimu. Nafasi nyingi zilitengwa kwa watoto wa Gaeltacht, yale maeneo ambako lugha bado ilikuwa hai majumbani. Kwa familia maskini ya mvuvi huo ulikuwa mlango wa ajabu: mtoto anasoma, anakuwa mwalimu, anapata mshahara.

Lakini tazama kilichotokea. Kijiji chenye lugha kilitoa vijana wake wenye akili zaidi, wakaenda bwenini, kisha chuoni, kisha wakapangiwa shule katika miji na kaunti zilizozungumza Kiingereza. Wengi waliolea familia, waliilea huko. Mpango wa kueneza lugha ulikuwa pia bomba la kuichota kutoka kwenye kisima chake. Vyuo hivyo vilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, isipokuwa kimoja, cha Waprotestanti, kilichoendelea hadi miaka ya 1990. Walimu wazuri vilitoa, hilo halina ubishi. Nyumba mpya za Kiairishi ni suala jingine.

Kilichobaki na kustawi ni vyuo vya kiangazi, ambako maelfu ya vijana hukaa wiki tatu hivi katika nyumba za wenyeji, wakilelewa na bean an tí, mama mwenye nyumba. Katika vyuo vingi kanuni ni moja: kijana anayeng'ang'ania Kiingereza hurudishwa kwao. Niliposikia hivyo mara ya kwanza shingo ilinisisimka. Je, si kijiti kilekile, kimegeuzwa tu upande?

Nimelifikiria sana swali hilo, na sidhani ni kijiti kilekile. Kijiti cha kale kilimwambia mtoto kwamba sauti ya mama yake ni aibu. Kanuni ya chuo haimwambii kijana wa Dublin kwamba Kiingereza cha mama yake ni aibu. Inamwomba akiweke kando kwa muda, naye anajua kitamsubiri. Tofauti kubwa zaidi ni nguvu iliyosimama nyuma ya kila kimoja. Nyuma ya kijiti kulikuwa na njaa, meli, ajira, mahakama na posta. Nyuma ya kanuni ya chuo kuna chuo chenyewe tu. Mtoto wa An Rinn akimaliza mwaka wake mwezi Juni, akatoka getini na begi lake, Kiingereza kinamngoja kituo cha basi.

Na si kila mtoto anaweza hata kuingia getini. Mwaka wa bweni hugharimu maelfu ya euro. Lugha iliyokuwa ya maskini, ambayo maskini walifundishwa kuiona mzigo, sasa kuizamia kikamilifu ni jambo ambalo baadhi tu wanalimudu. Huku Gaeltacht kwenyewe vijana wengi wanashindwa kupata nyumba, kwa sababu nyumba za pwani hununuliwa na wenye fedha kwa ajili ya likizo.

Takwimu zinasema hivyohivyo. Katika sensa ya 2022, watu wapatao milioni 1.87 wa Jamhuri ya Ayalandi walisema wanaweza kuzungumza Kiairishi. Waliosema wanakizungumza kila siku nje ya shule walikuwa 71,968. Katika Gaeltacht, penye wakazi 106,220, wanaokitumia kila siku nje ya shule walikuwa 20,261. Mwaka huohuo wa 2022 Kiairishi kilipata hadhi kamili katika taasisi za Umoja wa Ulaya, na nyaraka za Brussels zikatafsiriwa. Shule imefanya kazi yake, katiba imefanya yake, Brussels nayo yake. Kilichopungua ni jikoni.

Hapo ndipo simulizi la Wilde linaponirudia, na linanirudia hata nikiwa Dar es Salaam, nikimsikia mzazi mwenye Kiswahili kitamu akimkaripia mwanawe kwa Kiingereza cha kuungaunga ili ajue mapema. Hakuna anayemlazimisha. Naye anafunga mizigo ya safari.

Lakini kuna watu waliolitazama jambo hili wakaanza upande wa pili. Belfast, katika miaka ya 1960, vijana kadhaa waliokuwa wamejifunza Kiairishi ukubwani walioana na kuamua watoto wao wakikue kama lugha ya kwanza. Hawakuanza na shule. Walichanga fedha, wakapata kiwanja barabara ya Shaw's Road, wakajenga nyumba zao jirani kwa jirani ili mtoto akitoka mlangoni akutane na mtoto mwingine wa Kiairishi. Familia za kwanza zilihamia mwaka 1969. Shule waliifungua mwaka 1971, ikiwa na watoto tisa, bila msaada wa serikali; msaada huo ulikuja mwaka 1984. Watoto wale hawakuhitaji kupelekwa rasini kujifunza kuomba mkate. Walikuwa wameshaula kwao, na ndipo wakaenda shule.