Wyoming, Skuna ya Milingoti Sita

Mji wa Bath, jimbo la Maine nchini Marekani, uko kando ya mto Kennebec, na kwa vizazi vingi kazi ya wenyeji wake ilikuwa kuunda vyombo. Hapo ndipo Samuel Percy na Frank Small walipokuwa na kiwanda cha skuna, merikebu za matanga za kubebea shehena. Stima zilikuwa zimeshaitawala bahari, lakini majimbo ya New England yalihitaji makaa ya mawe kutoka Virginia, na upepo haununuliwi. Wenye mali walitaka chombo kimoja kibebe mzigo mkubwa kwa mabaharia wachache, basi skuna zikazidi kurefuka: milingoti minne, mitano, hata mwaka 1900 ikashushwa majini ya kwanza yenye sita, George W. Wells, iliyoundwa Camden. Percy na Small waliunda saba za namna hiyo.

Ya mwisho kati ya saba hizo, na kubwa kuliko zote, ni Wyoming, iliyoshushwa majini Desemba 1909. Ilipewa jina la jimbo ambalo gavana wake, Bryant B. Brooks, alikuwa na hisa ndani yake. Sitaha ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 100. Ukipima tangu ncha ya dasturi hadi nyuma kabisa, ni kama mita 137. Ngama yake ilimeza tani 6,000 za makaa. Na chombo chote hicho kiliendeshwa na watu wasiozidi 14, maana matanga yalitwekwa kwa mashine ya mvuke.

Urefu huo ndio uliokuwa neema yake na maradhi yake. Tumbo la chombo huinuliwa na maji mengi, ilhali omo na tezi, kwa wembamba wao, huelemea chini. Chombo kifupi hustahimili. Lakini mkuku mrefu kiasi hicho hautoki katika mti mmoja: huungwa kipande kwa kipande, mataruma vilevile, na kila kiungo hucheza. Percy na Small walilijua hilo vizuri. Walilifunga umbo lote kwa mikanda ya chuma iliyopita mshazari juu ya mataruma, wakaligandika mbao nene za msonobari. Hata hivyo, baharini mbao zilijongea, kalafati ikalegea, maji yakapenya, na pampu haikupata kupumzika. Mafundi wale siwalaumu hata kidogo. Walichofanya kwa mbao, sidhani kama kuna aliyewahi kukizidi, na chombo chao kilichuma kwa zaidi ya miaka 14. Vita Kuu ya Kwanza ilipopandisha nauli za shehena, kiliuzwa kwa bei iliyozidi sana gharama ya kukiunda.

Machi 1924 Wyoming ilipakia makaa Norfolk, Virginia, ikielekea Saint John, Kanada. Dhoruba ya kaskazini mashariki iliikuta karibu na Chatham, Cape Cod, ikatia nanga. Jirani yake alikuwa Cora F. Cressy, skuna ya milingoti mitano, mzaliwa wa kiwanda kilekile. Nahodha wa Cressy aliona pale si pa kungojea: maji yale yana mafungu mengi ya mchanga. Akang'oa nanga, akakimbilia bahari kuu, akapona. Wyoming ilibaki nangani na shehena yake yote, ikazama na kila aliyekuwamo. Mabaki yaliokotwa kisiwani Nantucket.

Kama ilijigonga chini au viungo vyake viliachana, wajuzi wamebishana sana. Mimi naona yote mawili yana asili moja: chombo kirefu cha mbao, kilichosheheni, hakiwezi kusimama mahali pamoja kikapigwa na mawimbi usiku kucha. Mwaka 2003 wapiga mbizi na wapimaji wa bahari waliipata ilipolala karibu na kisiwa cha Monomoy. Cressy ilizeekea Bremen, Maine, ambako umbo lake kuukuu liliwekwa kukinga mawimbi kwenye mabwawa ya kambakoche. Kiwanda cha Bath sasa ni sehemu ya makumbusho ya ubaharia, na pale Wyoming ilipoundwa pamesimamishwa omo na tezi za chuma kwa vipimo vyake halisi, ili mgeni autembee urefu wake kwa miguu.