Niliacha chuo, lakini hii stori ya ngisi haijaniacha

Wasee, mshawahi kudungwa ile sindano ya ganzi kwa daktari wa meno? Nusu ya mdomo inapotea, unaongea kama mlevi. Ile dawa haiui neva. Inaziba vimilango vidogo sana vya sodiamu kwenye utando wa neva, na habari ya maumivu inakwama njiani. Leo nawapigia stori ya vile watu walifuata hivyo vimilango miaka mingi bila kuona hata kimoja.

Tuko Plymouth, Uingereza, mwaka wa 1939. Alan Hodgkin ana miaka 25. Andrew Huxley ana 21, mdogo kama mimi tu. Wanatumia ngisi kwa sababu ngisi ana neva moja nene ajabu, karibu nusu milimita, unaiona kwa macho. Wakapenyeza kimrija cha kioo ndani yake wapime umeme.

Neva ikitulia, ndani huwa na chaji hasi kuliko nje. Wakati huo wengi waliamini ikishtuka, hiyo tofauti inaisha tu, inafika sifuri. Kumbe wapi! Volteji ilipita sifuri ikawa chanya kwa karibu milivolti 40. Maelezo ya zamani hayakutosha tena.

Wiki chache baadaye Hitler akavamia Poland. Kazi ikasimama. Hodgkin akaishia kutengeneza rada za ndege, Huxley akaingia mambo ya kulenga mizinga. Swali lao likabaki hapo limening'inia.

Hapa ndipo hii stori hunishika. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Hii mada tulifunzwa kama fomula za kukariri, andika, pita mtihani, songa. Hakuna aliyetuambia kwamba wenyewe walikatizwa katikati.

Hodgkin alirudi kwa ngisi 1947. Yeye na Bernard Katz wakaonyesha kwamba ukipunguza sodiamu kwenye maji yanayozunguka neva, ule mshtuko unakuwa mdogo. Halafu yeye na Huxley wakatumia mbinu iliyoanzia Marekani, ya kushikilia volteji mahali pamoja ndio upime mkondo wa umeme unaopita. Wakapata hivi: sodiamu inaingia haraka, njia yake inajifunga, kisha potasiamu inatoka polepole na kurudisha utando ulivyokuwa. Yote hayo ndani ya milisekunde chache.

Ikabaki hesabu. Kompyuta ya Cambridge ilikuwa imezimwa ifanyiwe marekebisho, kwa hivyo Huxley akakalia mashine ya kuzungusha kwa mkono, Brunsviga, wiki kadhaa. Fomula zao zikasema ishara itakimbia mita 18.8 kwa sekunde. Neva yenyewe ya ngisi? Mita 21.2. Manze, kwa mkono!

Walichapisha 1952, na hawakujigamba. Waliandika wazi kwamba hesabu kukubali si ushahidi kwamba picha yao ya utando ndiyo yenyewe. Nobel ikaja 1963, wakagawana na John Eccles. Mkondo wa kimlango kimoja, kikifunguka na kufungika, ulinaswa 1976 na Erwin Neher na Bert Sakmann kule Ujerumani. Hesabu ilikuwa imengoja miaka 24.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi acha chuo utapata Nobel. Hodgkin na Huxley vita vilipoisha walikuwa na Cambridge ya kurudia, mimi niko na deni la karo. Hiyo si vita moja. Lakini nilikuwa nimejiambia ati mtu akikatwa katikati, basi imeisha, na nimekuwa nikitumia hiyo kama sababu ya kutofungua kitabu.

Juzi nimetoa noti zangu za zamani chini ya kitanda. Zile fomula bado ziko, na mwandiko wangu mbaya. Safari hii nazisoma nikianzia kwa ngisi, na zinaingia.

Na wewe, ni nini uliacha katikati? Niambie hapo chini.