Anayetoa na Anayenyang'anya: Muungano, Manispaa na Haki za Mkazi wa Temeke

Mwishoni mwa Februari 2021 Rais John Magufuli alilivunja Baraza la Jiji la Dar es Salaam, na hadhi ya jiji ikahamia Ilala. Kinondoni na Temeke zikabaki manispaa. Haikupigwa kura ya maoni, na hakuna mahakama iliyoulizwa. Hoja kwamba baraza lile lilikuwa ngazi ya ziada, inayokula posho juu ya manispaa zenye wananchi wake, ilikuwa na uzito, na hata baadhi ya wapinzani wa Serikali hawakulililia sana. Kinachoshangaza ni wepesi wa jambo lenyewe. Chombo cha utawala cha mji mkubwa kuliko yote nchini kilikuwepo asubuhi, jioni hakipo, na sheria ikaruhusu.

Wepesi huo una historia. Kati ya 1972 na 1974, katika sera ya Madaraka Mikoani, halmashauri zilifutwa nchi nzima na kazi zao zikakabidhiwa maofisa wa Serikali Kuu. Za mijini zilirudishwa 1978, na sheria kamili za serikali za mitaa zikaja 1982. Mwaka 1996 baraza la Jiji la Dar es Salaam likavunjwa tena, ikaletwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja hadi 2000, ndipo zikazaliwa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Wengi waliokuwapo wanaikumbuka tume ile kwa wema, kwa sababu taka ziliondolewa na barabara zikatengenezwa. Baadaye Ubungo ikamegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Mara zote uamuzi ulitoka juu.

Wasomi wa Katiba nchini wamebishana kwa zaidi ya miaka 30 kuhusu idadi ya serikali katika Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Tume ya Jaji Nyalali ilipendekeza serikali tatu, ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kundi la wabunge la G55 likadai Serikali ya Tanganyika mwaka 1993, Mwalimu Nyerere akalipinga kwa nguvu zote. Tume ya Jaji Warioba ikarudi kwenye tatu mwaka 2013. Makala haya yanadai kwamba mjadala huo umehesabu serikali ukasahau swali linalolifanya shirikisho kuwa shirikisho: nani anaweza kumnyang'anya mwingine madaraka, na kwa utaratibu gani?

Zanzibar inatoa jibu la karibu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao milioni 5.38 mkoani Dar es Salaam na milioni 1.89 Zanzibar; Wilaya ya Temeke peke yake ina zaidi ya milioni 1.3. Licha ya udogo huo, Zanzibar ina Rais wake, Baraza la Wawakilishi, Mahakama Kuu na Katiba ya mwaka 1984. Rais wa Jamhuri ya Muungano hawezi kulivunja Baraza la Wawakilishi kwa tamko. Kubadili madaraka ya Serikali ya Zanzibar, au orodha ya mambo ya Muungano ambayo yalianza 11 mwaka 1964 na sasa ni 22, Ibara ya 98 ya Katiba ya Muungano inataka theluthi mbili ya wabunge wote kutoka Bara na theluthi mbili ya wote kutoka Zanzibar, kila upande kwa hesabu yake. Hiyo ni tabia ya shirikisho, ingawa Katiba ya 1977 hailitumii jina hilo.

Kinga hiyo ina tundu kubwa, na Wazanzibari wanalijua kuliko yeyote. Ibara ya 125 na 126 zimeweka Mahakama Maalum ya Katiba kusuluhisha mgogoro wa tafsiri kati ya serikali mbili, nusu ya wajumbe wake wakiteuliwa na kila upande. Haijawahi kukaa hata siku moja. Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar, alipokuwa akijiandaa kupeleka suala la muundo wa Muungano huko, mambo yaliishia kwenye vikao vya chama tawala Dodoma, naye akajiuzulu Januari 1984. Mgogoro wa kikatiba ukamalizwa na chama.

Hata hivyo Zanzibar ina ukuta, ingawa una nyufa. Temeke haina. Ibara ya 145 inasema vyombo vya serikali za mitaa vitakuwepo, kisha inaiachia sheria ya kawaida iamue aina na majina yao. Ibara ya 146 inataja lengo la kupeleka madaraka kwa wananchi. Ila kinachopelekwa kwa sheria ya kawaida hurudishwa kwa sheria ya kawaida. Diwani huchaguliwa, meya huchaguliwa na madiwani, lakini mkurugenzi anayeidhinisha malipo na kuandaa bajeti huteuliwa na Rais. Hata uchaguzi wa wenyeviti wa mitaa, wale wanaowaandikia wakazi barua za utambulisho za benki na polisi, husimamiwa na wizara ya Serikali Kuu, ile ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI).

Kodi ya majengo inalionyesha hili waziwazi. Zamani manispaa ndiyo iliyokusanya, na kwa Kinondoni yenye Masaki, Oysterbay na Mikocheni hicho hakikuwa chanzo kidogo. Sheria ya Fedha ya 2016 ikaipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA). Agosti 2021 ikahamia kwenye LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kiwango kilichopandishwa hadi 1,500 mwaka 2023. Mpangaji wa chumba kimoja Tandika ananunua umeme wa 5,000 kwa simu, anasubiri ujumbe, anakuta uniti zimepungua kwa sababu kodi ya nyumba isiyo yake imekatwa humo humo. Akimfuata mwenye nyumba, wanaanza kuvutana. Akienda kwa diwani, anaambiwa kweli kabisa kwamba jambo hilo liko nje ya uwezo wa baraza.

Kwenye haki za mtu binafsi hali ni nzito zaidi. Hati ya Haki iliingia katika Katiba mwaka 1984 na ikaanza kudaiwa mahakamani 1988. Ibara ya 15 inalinda uhuru wa mtu. Lakini Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa au wilaya, wote wateule wa Rais, uwezo wa kuagiza mtu awekwe ndani hadi saa 48. Julai 2017 mkuu wa wilaya ya Kinondoni aliutumia dhidi ya Halima Mdee, wakati huo mbunge wa Kawe. Ikiwa mbunge aliyechaguliwa na maelfu analala mahabusu kwa amri ya mteule, muuza samaki wa Mbagala Rangi Tatu atajitetea kwa nini?

Kenya si shirikisho, lakini Katiba yake ya 2010 imejibu swali la nani anaweza kumnyang'anya mwingine madaraka. Kaunti 47 zimetajwa kwa majina, na angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa ni yao. Rais akitaka kuisimamisha kaunti pasipo vita au dharura ya mgogoro wa ndani, Ibara ya 192 inamtaka kwanza aunde tume huru ya uchunguzi na kupata idhini ya Seneti. Usimamishaji hauzidi siku 90, kisha uchaguzi. Magavana wa Kenya wanaiba? Wapo walioshtakiwa. Tume ya Keenja ilisafisha mji? Ndiyo. Hayo hayatoi sababu ya kuacha mlango wazi kila mara, maana anayekuja baada ya Keenja huenda asilete ufagio.

Shirikisho peke yake nalo haliokoi mtu: Katiba ya Ethiopia ya 1995 inayapa mataifa yake hadi haki ya kujitenga, na bado vita vya Tigray vilianza Novemba 2020.

Rasimu ya Warioba, pamoja na ujasiri wake, iliziacha serikali za mitaa kwa washirika wa Muungano. Bunge Maalum likapitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, na kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 haikupigwa. Rasimu nyingine ikija, wakazi wa Kinondoni na Temeke waanze kuisoma pale inapoeleza nani anaweza kuivunja manispaa yao na kwa idhini ya nani, kodi ipi ni yao bila kuomba, na mkurugenzi anawajibika kwa nani. Idadi ya serikali isomwe baadaye.