Bakteria wa Kwanza wa Mtoto: Kutoka Sotet ya Sotik hadi Wodi ya Njiti

Ukiingia katika nyumba ya Mkipsigis kule Bureti au Sotik ukaona sotet, yaani kibuyu cha maziwa, imeegemezwa ukutani, jua humo ndani kuna kazi inaendelea. Kibuyu kimesuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, kikatiwa maziwa yaliyochemshwa yakapoa, kikafunikwa na kuachwa. Siku kadhaa baadaye ni mursik, yenye michirizi ya kijivu, ile ile wanayonyweshwa wanariadha wetu wakitua uwanja wa ndege na medali zao. Wanaoyagandisha maziwa hayo ni bakteria. Wakipsigis walikuwa wakiwafuga kabla hajatokea mtaalamu wa kuwapa jina.

Majina yalianzia Ujerumani. Mwaka 1885, daktari wa watoto Theodor Escherich alikuwa Munich akichunguza vinyesi vya watoto wachanga, na humo akampata bakteria ambaye leo tunamwita E. koli. Mwaka 1899, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Henry Tissier aliona kwenye kinyesi cha watoto wanaonyonya bakteria wenye umbo la panda. Hao ndio bifidobakteria. Mwenzake Élie Metchnikoff alitoa kitabu mwaka 1907 akisifu maziwa ya mgando ya Wabulgaria kwamba yanarefusha maisha, na Ulaya ikaanza kununua mgando kama dawa. Miaka miwili kabla ya kitabu hicho, mwaka 1905, askari wa Uingereza walikuwa wameivamia Sotik, wakaua watu na kuswaga ng'ombe. Sijui kama kuna aliyemsimulia Metchnikoff habari za wenye sotet.

Kufikia miaka ya 1920 sehemu ya ardhi ya Wakipsigis ilikuwa ya makampuni ya chai, na baadaye wanawake wakaingia mashambani na vikapu mgongoni. Hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, ilianzishwa mwaka 1937 na wamishonari. Kutoka hapo historia ya bakteria na historia ya mchuma chai zinakutana kwenye kitanda cha mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati.

Mtoto aliyetimiza miezi hupokea bakteria wake wa kwanza kwa mama: njiani akizaliwa, kwenye ngozi, kwenye titi. Njiti hana bahati hiyo. Pengine amezaliwa kwa upasuaji, amewekwa kwenye inkubeta, anapewa antibiotiki na kulishwa kwa mrija. Wanaomtangulia tumboni ni bakteria wa wodi. Ugonjwa ambao wauguzi wanauogopa hapo huitwa NEC. Tumbo la mtoto linavimba na kung'aa, maziwa aliyopewa yanabaki bila kusagika, kisha nepi inaonyesha damu. Kuta za utumbo zimeanza kufa, na zikitoboka hubaki upasuaji, ukiwapo wa kuufanya.

Kinga ya kwanza ni maziwa ya mama mwenyewe, na sababu yake ilichukua muda kueleweka. Mwaka 1954 Paul György na wenzake walionyesha kwamba ndani yake mna sukari zinazowastawisha bifidobakteria. Mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Kwa maneno mengine, mama anapika sahani mbili kwa mlo mmoja, moja ya mtoto na nyingine ya bakteria wake.

Mbinu mbili zilizobadilisha wodi za njiti zilitoka mji mmoja, Bogotá nchini Kolombia. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa uhaba wa inkubeta, Edgar Rey Sanabria alianza kuwafunga watoto kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiyo huduma ya kangaruu tunayoifundisha leo. Kisha mwaka 1999 Angela Hoyos akatangaza matokeo ya kuwapa bakteria wazuri watoto 1,237 waliolazwa katika wodi yake. Waliopata NEC walikuwa 34, ilhali miongoni mwa watoto 1,282 wa kipindi cha kabla walikuwa 85.

Baada ya hapo mambo hayakunyooka. Uingereza ilijaribu bakteria wa aina nyingine kwa watoto 1,315, na mwaka 2016 ikatangaza kwamba hawakusaidia. Mwaka uliofuata, majaribio ya Odisha, India, kwa watoto 4,556 waliotimiza miezi au kukaribia kuitimiza, yalionyesha maambukizi makali ya damu na vifo vikishuka kutoka asilimia 9 hadi 5.4. Bakteria waliotumika walikuwa Lactobacillus plantarum, spishi ambayo mwaka 2004 ilikutwa ikitawala katika kule naoto, maziwa ya kibuyu ya Wamaasai. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba probiotiki zinaweza kufikiriwa kwa waliozaliwa kabla ya wiki 32 na wanaolishwa maziwa ya binadamu. Mwaka 2023 Marekani ikatoa onyo, baada ya mtoto kufa kwa bakteria waliotoka kwenye probiotiki yenyewe. Hapa kwetu, taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, na wenzao wa Liverpool waliandaa majaribio kwa watoto wachanga 600 huko Homa Bay.

Kwa hiyo, shangazi anayekuja wodini na kijiko cha mursik azuiwe kwa heshima. Spishi ya kibuyuni kufanana na ya majaribio si kibali. Kibuyu hakina kipimo, na damu ya njiti ina ulinzi hafifu. Hata kwa watu wazima mursik ina maswali yake. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha habari za saratani ya umio inayowapata vijana wa Bomet, na mwaka 2013 watafiti wakakuta asetaldehidi kwenye mursik, kemikali inayoshukiwa kuchangia ugonjwa huo.

Mama ndiye wa kusaidiwa, na hapo sheria yetu ina pengo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa miezi 3 ya likizo ya uzazi. Aliyejifungua katika wiki ya 28 atakuwa ameimaliza karibu na siku ambayo mtoto alipaswa kuzaliwa, na kikapu kinamngoja. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, lakini chumba hakimfai mama ambaye mtoto wake bado yuko wodini. Wenye mashamba ya Kericho na Bomet wasingoje Bunge: waanze kuihesabu likizo ya mama wa njiti tangu siku mtoto anaporuhusiwa kutoka hospitali.