Ufundishaji Unaozingatia Utamaduni: Mfano wa Samunge

Ufundishaji unaozingatia utamaduni ni ule ambao mwalimu huanzia somo lake kwenye lugha, adabu ya kusema na maarifa ambayo mwanafunzi amekuja nayo kutoka nyumbani, asiyaone kuwa kasoro za kung'olewa. Jina la dhana hii lilienea kutoka Marekani: Gloria Ladson-Billings aliandika juu yake mwaka 1995 baada ya kuwatazama walimu waliofanikiwa na watoto weusi, na Geneva Gay akaitolea kitabu mwaka 2000. Jambo lenyewe ni kongwe kuliko jina lake. Mwalimu yeyote wa Kitanzania aliyewahi kushuka kwenye basi na barua ya kupangiwa kituo, mahali asipojua hata salamu za asubuhi, amekutana nalo kabla ya kulisoma popote.

Samunge ni kijiji na kata katika tarafa ya Sale, wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha. Wasomaji wengi wanaifahamu kwa kikombe cha dawa cha mwaka 2011, pale mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Mwasapile, alipofuatwa na maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani, kila mmoja akilipa shilingi 500. Magazeti yalimwita Babu wa Loliondo, na hadi alipofariki Julai 2021 jina hilo halikubadilika, ingawa alikuwa akiishi Samunge, si Loliondo. Wenyeji wa Samunge wameshazoea kuitwa kwa majina ya wengine. Wao hujiita Batemi. "Wasonjo" ni jina lililotoka kwa majirani zao Wamaasai, likaingia kwenye vitabu vya serikali na kubaki humo.

Habari hii ya majina si ya pembeni, kwa kuwa kazi ya kwanza ya mwalimu kila asubuhi ni kuita majina. Hapo kwenye kitabu cha mahudhurio ndipo mawasiliano ya darasani yanapoanza, na mara nyingi ndipo yanapoharibikia. Mtoto mwenye jina moja nyumbani na jingine la ubatizo huweza kukaa kimya anapoitwa kwa lile asilolizoea, akaandikwa mtoro naye yumo darasani. Ukanda huu mzima umejaa pia majina ya kupewa na wengine. Wadatoga wamezoea kuitwa Wamang'ati, neno la Kimaasai lenye maana ya maadui. Wairaqw huitwa Wambulu, kwa jina la mji wa Mbulu. Mwalimu anayemwita mwanafunzi Mmang'ati mbele ya wenzake huenda hana nia mbaya hata kidogo, lakini amekwisha kumtambulisha mtoto huyo kwa mdomo wa mtu aliyepigana na babu zake.

Kwa upande wa lugha, wilaya za Ngorongoro na Karatu ni mahali pa pekee barani Afrika. Katika safari ya siku moja mtu anaweza kusikia Kitemi, lugha ya Batemi, ambacho ni cha Kibantu, Kimaasai na Kidatoga ambazo ni za Kiniloti, Kiiraqw ambacho ni cha Kikushi, na karibu na Ziwa Eyasi akasikia Kihadzabe, lugha yenye sauti za kubofya ambayo wanaisimu hawajaithibitishia undugu na nyingine yoyote. Muhtasari wa darasa la kwanza ni mmoja kwa watoto wote hawa.

Tofauti hizo huonekana kwenye madaftari. Mtoto wa Samunge anaingia darasani na ngeli tayari kichwani, maana ba- ya Batemi ni ndugu wa wa- ya watu. Akiambiwa "kitabu kimepotea, vitabu vimepotea" hashangazwi na kanuni, anabadilisha sauti tu. Mtoto wa Kimaasai kutoka kata jirani za Malambo au Pinyinyi anatoka kwenye lugha inayogawa majina kwa jinsia, ya kiume na ya kike, na kwake upatanisho wa ngeli ni jengo jipya kuanzia msingi. Wote wawili wakiandika "kitabu yangu", kosa kwenye karatasi ni lilelile ila chanzo chake si kimoja. Huyu wa kwanza huhitaji kuonyeshwa jinsi Kitemi kinavyofanya. Yule wa pili huhitaji mazoezi na subira. Mwalimu anayetia alama nyekundu na kupita hajamsaidia hata mmoja wao.

Lakini ugumu mkubwa hauko kwenye sarufi. Uko kwenye ukimya. Mwalimu mgeni huuliza swali, anamnyooshea mtoto kidole, mtoto anasimama, anainamisha macho na kunyamaza. Mgeni husoma ukimya huo kuwa ujinga au kiburi. Nyumbani, kama ilivyo kwingi Tanzania, kumkodolea mkubwa macho ni utovu wa adabu, na mtoto hujifunza jambo kwa kulitazama na kulifanya kabla ya kutakiwa kulieleza. Kumsimamisha peke yake mbele ya watu arobaini aseme asilo na hakika nalo ni kumwaibisha. Susan Philips aliyaeleza mambo yanayofanana na haya katika kitabu chake cha mwaka 1983 juu ya watoto wa jamii ya asili ya Warm Springs, jimbo la Oregon. Walikuwa wakinyamaza walipoitwa mmoja mmoja, lakini wakisema vizuri walipoachwa wafanye kazi kwa vikundi vyao.

Dawa inayotumiwa sana shuleni kwetu dhidi ya ukimya ni kuitikia kwa pamoja. "Wingi wa kikombe ni vi...?" Darasa zima: "...kombe!" "Mmeelewa?" "Ndiyo, mwalimu!" Tusiidharau mbinu hii. Inampa mtoto mwoga nafasi ya kutamka Kiswahili akiwa amejificha ndani ya sauti za wenzake, na mtu aliyekulia kwenye nyimbo na ngoma za kuitikiana haoni ugeni wowote ndani yake. Ubaya wake ni pale inapogeuka kuwa ndiyo somo lote. "Ndiyo, mwalimu" haijawahi kumwambia mwalimu nani ameelewa. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida husubiri jibu kwa sekunde moja hivi tu, na wakiongeza hadi tatu majibu huwa marefu zaidi na watoto wengi zaidi husema. Kwa mtoto anayelisikia swali kwa Kiswahili, akalifikiri kwa Kitemi, kisha akalirudisha kwa Kiswahili, hata hizo tatu ni chache.

Upande wa maarifa, Samunge ni tajiri. Batemi ni wakulima wa umwagiliaji wa mifereji, na ugawaji wa maji kwa zamu husimamiwa na wazee wa kurithi waitwao wenamiji. Robert F. Gray aliuandika utaratibu huo kwa kirefu katika kitabu chake juu ya Wasonjo cha mwaka 1963. Ndani ya zamu ya maji zimo saa, sehemu, mgawanyo na uwiano. Yamo pia mteremko wa ardhi, uraia na utatuzi wa migogoro. Mwalimu wa hisabati anayefundisha sehemu kwa kukata chungwa lililochorwa ubaoni amepita kando ya mfereji asubuhi hiyohiyo.

Je, sera zinaruhusu? Kwa sehemu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba shule ilikuwa inamtenga mtoto na jamii yake, na mwaka huohuo Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Uamuzi huo uliwaunganisha watu wa makabila zaidi ya 120, na hakuna sababu ya kuujutia. Hata hivyo uliacha pengo la miaka miwili mitatu ya mwanzo kwa watoto ambao Kiswahili si lugha yao ya nyumbani. Uganda tangu 2007, na Kenya kwa muda mrefu zaidi, zimeweka kwenye mitaala yao kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, ingawa utekelezaji umekuwa wa kusuasua. Tanzania haijafanya hivyo. Mtaala wa sasa unasisitiza umahiri na mazingira ya mwanafunzi, na umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili ambamo mwalimu wa Samunge anaweza kabisa kumwalika mzee aje asimulie habari za Khambageu, mtu mkuu katika dini na masimulizi ya Batemi. Hakuna mkaguzi atakayemuuliza kwa nini.

Kwa mwalimu aliyepangiwa Samunge mwaka huu: kabla ya kufungua andalio la somo la kwanza, jifunze kusalimia kwa Kitemi, waulize watoto wanaitwaje nyumbani, na muulize mwenyekiti wa kijiji zamu za maji zinaangukia siku zipi.