Wanakamati wa Chemchemi: Maji, Miti na Majina Yasiyoandikwa katika Masasi na Newala

Siku hizi imekuwa desturi kuwatunuku watu wanaoyapigania mazingira. Mwaka 2004 Wangari Maathai wa Kenya alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kazi iliyoanzia katika miche iliyopandwa na wanawake wa vijijini, nasi huku Tanzania tumepata kuwa na Tuzo ya Rais ya kuhifadhi vyanzo vya maji na kupanda na kutunza miti. Jambo hili ni jema, wala makala haya hayakusudii kulipinga. Lakini mtu akienda Masasi na Newala kuwatafuta wanaostahili tuzo za namna hiyo, atakutana na tatizo ambalo ni la historia na la lugha pamoja. Kazi ipo, na wenye kuifanya wapo, ila jina tunalowatafutia silo wanaloitwa huko kwao.

Kwanza yafaa kuitazama nchi yenyewe. Uwanda wa juu wa Makonde ni ardhi ya mchanga mwekundu, inayopanda polepole kutoka upande wa pwani mpaka ukingo wa magharibi, mahali ulipo mji wa Newala, zaidi ya mita 700 juu ya bahari. Hapo ardhi hukatika ghafula, na mtu asimamaye penye Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma chini yake. Masasi haiko juu ya uwanda huo. Iko chini, upande wa magharibi, katikati ya milima ya mawe. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hata Aprili au Mei, na inyeshapo juu ya uwanda, mchanga huinywa yote. Hakuna mto juu. Maji hutokea tena chini, penye chemchemi za mabondeni kama Mkunya na Kitangari. Kwa hiyo anayekata kichaka juu na anayechota maji chini wana shauri moja, hata kama hawajuani.

Wamakonde walilijua jambo hili kabla ya mgeni yeyote kuliandika. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, wakati nchi ilikuwa bado ina majeraha ya Vita vya Maji Maji, alipata habari ya masimulizi yao ya asili: mtu na mke wa kwanza walipokaa karibu na maji watoto wao hawakuishi, mpaka walipohamia juu kabisa. Tangu hapo wakausiwa wasikae mabondeni. Weule alieleza pia jinsi wanawake walivyoshuka mteremko kuteka maji na kupanda tena na mitungi. Tukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, twaona kwamba afya ya nyumba nzima ilinunuliwa kwa shingo ya mwanamke. Masimulizi yanamtaja mwanamume aliyemchonga mke wa kwanza kwa mti. Mchota maji hayamtaji.

Mamlaka ya ardhi yalikuwa kwa mkulungwa, mzee aliyekiongoza chirambo chake. Yeye ndiye aliyejua ni nani afyeke wapi. Wala hapakuwa na mfalme mmoja juu ya uwanda wote, jambo lililowatatiza sana watawala wa Kijerumani na wa Kiingereza, ambao walimtafuta mtu mmoja wa kumpa amri wasimpate. Huko Masasi, katika Wayao na Wamakua, mzee wa ukoo aliweka unga chini ya msolo na kuomba mvua. Mmisheni wa zamani angeliita jambo hilo ushirikina, na kwa upande wa imani hilo ni shauri lake. Lakini mwanahistoria huona kwamba mti ule haukukatwa, na kwamba watu walikusanyika chini yake wakati wa ukame wakaongea juu ya jambo linalowahusu wote. Askofu Edward Steere, yule yule aliyetutungia kitabu cha sarufi ya Kiswahili, alipowapeleka watumwa waliokombolewa kukaa Masasi mwaka 1876, aliwapeleka katika nchi iliyokuwa na mabaraza yake tayari.

Katika miaka ya 1950 lilianzishwa Shirika la Maji la Makonde, lililopandisha maji kwa mitambo kutoka bondeni na kuyauza kwa watu juu. Yafaa tusimame kidogo hapa, kwa sababu ndipo uhusiano wa watu na maji yao ulipogeuka. Mwanamke wa Newala, aliyekuwa mtekaji, akawa mnunuzi. Alipunguziwa safari, na hapana shaka alishukuru. Lakini chemchemi ikawa mali ya ofisi, na anayenunua kwa debe haulizwi habari ya miti iliyo juu ya chanzo. Baada ya Uhuru serikali ilichukua jukumu la kuwapa wananchi maji bila malipo, na mwaka 1971 ikatangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mtu wa kijijini maji yasiyopita mita 400 kutoka kwake. Serikali ya Finland ikaisaidia mikoa ya Mtwara na Lindi kwa miaka mingi. Mnunuzi sasa akawa mpokeaji. Mtambo ukiharibika, alingoja.

Miaka hiyo hiyo ya 1970 watu walihamishwa kutoka makazi yao yaliyotawanyika wakawekwa katika vijiji, na wengi waliachana na mikorosho yao. Mazao ya korosho nchini, yaliyokuwa yamefika tani 145,000 hivi mwaka 1973/74, yalianguka mpaka chini ya tani 20,000 mwaka 1986/87, ugonjwa wa ubwiriunga nao ukiwa umeingia katika mashamba yasiyotunzwa. Nataja korosho kwa makusudi. Kwa mtu wa Newala mabadiliko ya mvua si habari ya redioni: mkorosho hutoa maua wakati wa kiangazi, na mvua ya wakati usio wake huharibu maua na kuziozesha korosho zilizokwisha kuanguka. Fedha ya korosho ndiyo pia iliyojenga paa za bati, na chini ya paa hizo matangi ya saruji yaliyochimbwa ardhini kuvuna maji ya mvua. Matangi haya hayakuagizwa na mpango wa mtu yeyote mkubwa.

Kisha zikaja kamati. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilizitambua kamati za mazingira za vijiji. Sera ya Maji ya 2002 na sheria zilizoifuata mwaka 2009 na 2019 ziliwarudishia watumiaji maji kazi ya kuendesha miradi yao. Hapo yule mchota maji alipata kiti barazani katika maandishi ya serikali. Kazi yake ni kukusanya senti, kumwendea fundi, na kumkanya jirani anayelima mpaka ukingo wa chemchemi. Hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa huyo jirani yawezekana ni mjomba wake, na katika watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba si mtu wa kukanywa ovyo.

Sasa tutazame maneno. "Tabianchi" ni neno jipya lililofinyangwa na wataalamu kutoka "tabia ya nchi", nalo ni neno zuri. "Mwanaharakati" ni neno la miji, la mikutano na magazeti; vijijini humtia msikilizaji shaka kidogo, kana kwamba mwenye jina hilo ametumwa na mtu. Mwanamke tuliyemweleza hapo juu hujiita mwanakamati. Hivyo anayepita na fomu ya tuzo akiuliza mwanaharakati wa tabianchi ni nani hapa, ataonyeshwa kijana ajuaye kuandika taarifa ya mradi, na mwanakamati ataendelea kufyeka njia ya chemchemi. Sisemi kijana huyo hastahili. Nasema swali liliulizwa kwa neno lililokwisha kumchagua.

Ushahidi wa kurekebisha jambo hili upo, tena ni wa kimaandishi. Kila kamati huandika mihtasari yake katika daftari la shule: waliohudhuria, waliotoa udhuru, nani alitozwa faini kwa kukata mti gani na mahali gani. Humo mna majina, mna tarehe za mvua za kwanza, mna Kiswahili cha Wamakonde, Wayao na Wamakua kilichoandikwa na watu wasioandika kwa ajili ya kuchapishwa. Daftari hizo hukaa nyumbani kwa katibu, na kamati ibadilikapo hubaki huko kwa mchwa. Taasisi zetu za utafiti zimekwisha kukusanya tenzi na nyaraka za pwani kwa uangalifu mkubwa. Safari ya kutoka Mtwara mpaka Newala na Masasi kwa ajili ya daftari hizi si ndefu, na yafaa ifanywe kabla ya kamati za sasa kumaliza muda wake.